Fundi Burito na chumba cha mama kilichopangishwa wageni

Jua la Bunda limeshapanda, na Burito yuko tumbo chini juu ya mbao za kenchi, kisogo kikikaribia kugusa bati. Shati la mikono mirefu amelifunga vifungo hadi shingoni. Soksi amezivuta juu ya miguu ya suruali. Mdomo na pua vimefunikwa kwa barakoa mbili zilizopandana. Mkono wa kushoto umeshika tochi, wa kulia unachota kinyesi cha popo kwa kipande cha ndoo na kukitia kwenye mfuko mtupu wa saruji.

Chini yake, sebuleni, mwenye nyumba anauliza kama watafikia kuweka taa leo. Burito hajibu. Ukifungua mdomo humo juu, anaeleza baadaye, vumbi linaingia na halitoki tena.

Nyumba hii ni ya mnunuzi wa pamba ambaye ameamua kuikarabati baada ya kuikalia miaka mingi. Dari yake ya singibodi, yale mabamba mepesi ya kizamani, imejaa madoa ya maji na imelegea katikati kama kitanda cha kamba. Inashushwa yote. Badala yake itapanda jipsamu, itatobolewa matundu ya taa ndogo za duara zinazozama ndani ya dari, zile ambazo mafundi wanaziita spotilaiti, na juu yake italazwa sufi ya kioo, godoro jembamba la manjano linalozuia joto la bati lisishuke vyumbani.

Hiyo ndiyo kazi ya Burito. Ameifanya tangu akiwa kijana, na sasa nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe hata akishaoga vumbi likatoka.

Anaposhuka kwenye jukwaa, macho yake ni mekundu na shingo ina vipele. Sufi ya kioo inawasha. Nyuzi zake ni ndogo kuliko unywele, zinaingia kwenye ngozi, na maji ya moto yanazidi kuzipeleka ndani. Burito hunawa kwa maji baridi tu, huku amenyoosha mikono mbele kama mtu anayesubiri kupimwa nguo.

"Watu wakiingia nyumba ya namna hii wanasema, aisee, nyumba ina baridi. Wanasifia kiyoyozi," anasema. "Hakuna kiyoyozi. Kuna mtu alikuwaga huko juu anajikuna."

Siku yenye kazi huondoka na shilingi elfu thelathini. Kuna wiki ambazo siku ya namna hiyo haipo hata moja. Lakini ukimwacha azungumze, si malipo anayoyalalamikia. Analalamikia dari moja tu kati ya zote alizowahi kuzitundika, na iko Makoko, Musoma, kwenye nyumba ya mdogo wake wa tumbo moja.

Burito alizaliwa nje kidogo ya Butiama, mtoto wa kwanza wa Nyangi na mumewe, mfugaji wa ng'ombe wachache aliyekuwa pia akilima mtama na mihogo. Walikuwa watoto wawili tu waliosalia hai: yeye, na Silasi aliyekuja miaka mingi baadaye. Baba yao alifariki Burito akiwa kidato cha pili. Baada ya msiba ng'ombe walipungua mmoja mmoja, na mtoto wa kwanza akaacha shule.

Hakufukuzwa na mtu, anasema. Aliamka asubuhi moja akamkuta mama yake ameshika sare mbili, yake na ya mdogo wake, anaziangalia tu. Akavaa suruali ya shambani, akatoka.

Alikwenda Musoma, akabeba zege Kamunyonge, akalala kwenye nyumba zisizo na milango. Huko ndiko alikomkuta fundi mmoja Msukuma aliyeitwa Masanja, mtu mzito wa mwili ambaye hakuweza tena kupita kwenye kenchi. Masanja alihitaji mtu mwembamba wa kumtuma juu. Burito alikuwa mwembamba. Ufundi aliupata hivyo: Masanja akiwa chini amekaa kwenye ndoo akielekeza, yeye akiwa juu gizani akipokea maelekezo.

Fedha zilizotoka huko juu ziligawanyika mara mbili. Nusu ilikwenda kwa mama. Nusu nyingine ilikwenda shuleni kwa Silasi, kuanzia sekondari hadi alipoingia chuo. Silasi alikuwa na kichwa chepesi. Alimaliza, akapata kazi ya ofisini, akahamia Dodoma, akaoa huko.

"Sijawahi kumdai," anasema Burito. "Hata wewe usiandike kwamba namdai. Mdogo wako akisoma umesoma wewe. Ndivyo nilikuwaga najiambia kule juu, vumbi likinizidi."

Mwaka juzi, mvua za masika zilipokuwa zikielekea ukingoni, Silasi alimpigia simu. Alikuwa amenunua nyumba ya zamani Makoko, karibu na ziwa, nyumba ya vyumba vinne iliyokaa bila mtu kwa muda mrefu. Kuta zilikuwa nzuri, lakini paa na dari vilikuwa vimechoka, na ndani mchana kulikuwa hakukaliki.

Maneno ya simu ile Burito anayakumbuka kama yalivyotamkwa. "Kaka, nataka tuitengeneze ile nyumba, mama aje akae. Amechoka na jua la kule kijijini."

Ili kuelewa maneno hayo yalimfanya nini Burito, ni lazima kufika nyumbani kwa Nyangi. Nyumba yake ina vyumba viwili chini ya bati tupu lisilo na dari. Asubuhi inakalika. Jua likishapanda bati linaanza kualika, ta, ta, ta, na joto linashuka kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Nyangi ana shinikizo la damu na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Mara mbili ameanguka ndani ya nyumba hiyo mchana, mara ya pili akiwa peke yake. Kwa hiyo kuanzia katikati ya asubuhi hubeba kigoda chake na kuzunguka nacho nyumba, akifuata kivuli cha ukuta, hadi jua litakapozama.

Burito aliacha kazi aliyokuwa ameianza Kamunyonge. Mwenye kazi alimwita msaliti, akatafuta fundi mwingine. Mkewe, Wankyo, anayekaanga na kuuza samaki Nyakato, hukohuko Musoma wanakoishi, alimwuliza kama amepatana na mdogo wake. Burito akamjibu kwamba hawezi kupatana bei ya kumlaza mama yake.

"Nikamwambia, baba Lucy, nyumba si ya mama, nyumba ni ya Silasi," anasimulia Wankyo. "Mama atakuwa mgeni mle ndani, na wewe utakuwa mgeni wa mgeni. Akaniona nina roho mbaya."

Silasi alituma vifaa vyote, na Burito anakiri kwamba vilikuwa vifaa vizuri, hakubana. Bati za zamani zilitolewa zikapandishwa mpya. Chini ya bati Burito alitandaza karatasi ya kung'aa inayorudisha joto juu. Akafunga jipsamu vyumba vyote. Juu yake akalaza sufi ya kioo, akiibana pembeni kwa vidole ili pasibaki upenyo.

Sebuleni Silasi alitaka taa nyingi, nyeupe, zenye mwanga wa dukani. Burito akaziweka. Kila tundu la taa alilifunika juu kwa kopo la bati alilolikunja mwenyewe ili sufi isikandamize taa ikapata moto. Kazi hiyo haionekani na wala haiulizwi na mwenye nyumba.

Lakini chumba cha kona, kile ambacho dirisha lake linatazama ziwa, alikifanya kwa namna yake. Alikwenda kwanza kijijini na taa mbili mkononi na betri, akaziwasha moja baada ya nyingine mbele ya mama yake, akamwuliza ipi haimchomi jicho. Nyangi alichagua yenye mwanga wa manjano, unaofanana na wa kibatari. Burito akaweka nne tu, akazisogeza kwenye kingo za chumba, mbali na kitanda, ili mama akilala chali asitazamane na taa. Swichi akaishusha chini, mkono ulipo mtu akiwa amelala. Na juu ya chumba hicho kimoja, sufi aliilaza tabaka mbili.

Silasi alikuja kukagua, akafurahi, akapiga picha. Alipofika chumba cha kona alisema kina giza kidogo. Burito akamwambia ni giza la mama. Wakacheka wote wawili. Burito anasema hiyo ndiyo mara ya mwisho yeye na mdogo wake kucheka pamoja.

Nyangi aliletwa Makoko kabla ya msimu wa joto. Alikuja na kigoda chake, nguo zake, na jiko la mkaa ambalo Silasi alisema halitaingia ndani. Siku ya kwanza alijilaza mchana, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Alipoamka alimwita Burito, aliyekuwa bado anamalizia kupaka rangi varandani.

"Baba, nje kumetanda mawingu?"

"Hapana, mama. Ni jua kali."

"Mbona bati halisemi?"

Burito alirudi varandani, akaendelea kupaka rangi mahali ambapo tayari palikuwa pamepakwa.

Zilifuata wiki ambazo Nyangi alinenepa. Majirani wa Makoko walimzoea, akawa anaamka asubuhi kwenda ibada, anarudi, anakunywa uji, na mchana wote anashinda chumbani kwake akisuka ukili au amelala tu mlango ukiwa wazi. Kliniki walimwambia presha yake imetulia. Kila Jumamosi Burito alipitia kwake na furu wa kukaanga kutoka kwa Wankyo, wale samaki wadogo wa ziwani ambao Nyangi huwala na miiba yao.

Jumamosi moja alikuta geti limefungwa kwa ndani na kijana aliyevaa sare ya ulinzi amesimama nyuma yake.

Mlinzi alimsalimia vizuri, akamwuliza ana shida gani. Burito alisema amekuja kumwona mama. Mlinzi akasema hapo hakuna mama, wanaishi wageni wa mradi wa barabara, na wenyewe wametoka. Burito akamwambia yeye ndiye aliyetengeneza nyumba hiyo, dari yote ni mkono wake.

"Mzee, sijaambiwa kama leo kuna fundi," alijibu mlinzi.

Hakusema kwa dharau, Burito anasisitiza. Alisema kama mtu anayefanya kazi yake. Kupitia upenyo wa geti Burito aliona dirisha la chumba cha kona. Ilikuwa mchana kweupe, na zile taa nne zilikuwa zinawaka, chumba hakina mtu.

Samaki alimwachia mlinzi.

Kesho yake alipanda kwenda kijijini. Alimkuta Nyangi amekaa kwenye kigoda upande wa magharibi wa nyumba, kivuli kikiwa kimebaki upana wa mkeka. Karibu naye, nje, kilikuwa kimesimama kitanda kipya cha mbao ngumu na godoro lake ndani ya nailoni. Silasi alikuwa amemrudisha na kitanda. Hakikupita mlangoni.

Burito aliuliza ilikuwaje. Nyangi akamweleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia habari za watu wengine. Silasi alikuja na watu wawili, wakazunguka nyumba, wakapima vyumba kwa macho, wakaondoka. Jioni akamwambia mama kwamba wapangaji wamepatikana ghafla, ni wa muda tu, wakiondoka atarudi. Asubuhi gari likaja. Nyangi hakumpigia Burito kwa sababu Silasi alisema atampigia mwenyewe.

"Nikamwuliza mama, sasa ukanyamaza?" anasimulia Burito. "Akaniambia, nyumba ni ya mwenye nyumba. Akasema, nimeshalala pale, imetosha. Mimi hilo neno imetosha ndilo lilinimaliza. Afadhali angelia."

Aliingia ndani kumchukulia maji. Bati lilikuwa limeshachemka. Anasema katika maisha yake yote kwenye kenchi za watu, hakuwahi kuhisi joto kama alilolihisi ndani ya chumba kile, na alijua ni joto lilelile la siku zote. Mama yake ndiye aliyekuwa amebadilika. Mwili wake ulikuwa umekwisha kuonja ubaridi, na sasa haukulistahimili tena. Wiki hiyo hiyo Nyangi alianguka kwa mara ya tatu. Walimkuta majirani waliokuja kuomba moto.

Burito alimpigia mdogo wake akiwa zahanati. Hakupiga kelele, anasema, kwa kuwa kulikuwa na wagonjwa. Alimwambia tu mahali alipo na mama alivyo. Silasi alisikitika, akaeleza habari za mkopo, akaeleza kwamba wageni wamelipa kwa mkupuo na mkataba umesainiwa, hauvunjiki. Kisha akasema maneno ambayo Burito ameyarudia mara tatu katika mazungumzo yake na mwandishi wa makala haya.

"Kaka, kama ni hela ya ufundi ndiyo inakuuma, sema. Nakutumia sasa hivi."

Burito alikata simu. Hazikupita dakika nyingi simu ikalia, fedha imeingia. Akairudisha yote kabla mama yake hajatoka chumba cha daktari.

Wankyo alipojua alinuna kwa wiki kadhaa, na Burito sasa hamlaumu.

"Nilijiona mwanaume siku ile. Leo nikikumbuka najiona mjinga. Ile hela ingenunua mbao za paa la mama. Hasira yangu nani ameila? Silasi hata hajui kama nilikasirika, alifikiri mtandao umerudisha."

Tulimtafuta Silasi kwa simu. Alipokea, akasikiliza, na akazungumza kwa adabu. Alisema nia yake tangu mwanzo ilikuwa mama aishi Makoko, na bado ni hiyo. Alisema watu hawaelewi mzigo wa mkopo wa benki, kwamba mshahara unaonekana mkubwa kwa anayeutazama kutoka nje, na kwamba anamtumia mama fedha ya matumizi kila mwezi bila kukosa, jambo ambalo Burito naye anathibitisha. Kuhusu kurudi kijijini, alisema mama mwenyewe ndiye aliyeomba.

"Alikuwa mpweke pale. Alikumbuka mifugo na majirani zake. Mama akitaka kwenda kwake nitamzuiaje?" alisema. Kisha akaomba kwamba tuandike pia kuwa kaka yake ni fundi mzuri, na kwamba wapangaji wanaipenda sana nyumba.

Tulimpelekea Nyangi maneno hayo. Alikuwa kwenye kigoda chake, mkono mmoja ukikinga jicho. Aliuliza kama kweli ndivyo Silasi alivyosema. Alipohakikishiwa, alitikisa kichwa taratibu.

"Basi niliomba," alisema.

Alipoulizwa kuhusu chumba cha Makoko, alisema kilikuwa chumba kizuri, kisha akauliza kama mgeni ameshakunywa chai.

Tangu wakati huo ndugu hawa wawili wamekutana mara moja, kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yao Butiama. Walisalimiana, wakakaa meza moja, wakala. Mtu asiyejua, anasema Burito, angesema ni ndugu wanaopendana. Silasi alimweleza kwamba kuna mwenzake wa ofisini anayekarabati nyumba Musoma, anatafuta fundi wa dari mwaminifu, na kwamba amempa namba yake. Kazi hiyo Burito aliifanya. Hakuwa na kazi nyingine mwezi ule.

Kuhusu wapangaji wa Makoko, mkataba wao wa kwanza ulikwisha. Ukaandikwa mwingine.

Mchana huu wa Bunda, kazi ikiwa imesimama kupisha chakula, Burito anaonyesha kitu nyuma ya nyumba ya mnunuzi wa pamba. Ni vipande vya sufi ya kioo vilivyofungwa ndani ya nailoni nyeusi, na rundo la singibodi zilizotoka kwenye vyumba ambavyo havikuvuja. Mwenye nyumba alitaka zichomwe. Burito akaziomba. Vipande vya sufi ni masalia ya kazi hii na ya nyingine kabla yake, na nyumbani kwake Nyakato kuna mafurushi mengine yamepangwa juu ya kabati hadi karibu na bati, kwa maana chumba anacholala yeye na mkewe hakina dari.

Anakusudia kumfungia mama yake dari kijijini kabla ya joto la Januari. Si nyumba nzima, chumba kimoja tu. Jipsamu haitafaa, ni nzito, na kenchi za baba yake zimeliwa na mchwa. Atabadilisha mbao tatu ambazo zimeoza kabisa, nyingine atazifunga viraka, kisha atapandisha singibodi na kulaza sufi juu yake. Umeme umefika kijijini lakini haujaingia kwa Nyangi, kwa hiyo taa itakuwa ya betri ya jua, moja, ya manjano.

Haikuwa rahisi kumshawishi mama mwenyewe. Alipopeleka habari hiyo kwa mara ya kwanza, Nyangi alikataa. Alimwambia asimwekee kitu, kwamba ilimchukua muda mrefu kulizoea tena joto na hataki kuanza upya.

"Alisema, nikishaizoea mtaninyang'anya," anasema Burito. "Nikamwambia, mama, hii ni nyumba yako, nani atakunyang'anya? Akaniangalia. Akasema, hii nayo ni ya Silasi, mimi naikalia tu."

Na ni kweli. Kwa desturi ya ukoo wao nyumba ya mama huenda kwa mtoto wa mwisho wa kiume, na wazee walikwisha kulitamka hilo siku ya kumaliza matanga ya baba yao. Burito alikuwepo. Alikubali. Wakati ule mdogo wake alikuwa bado anavaa kaptula za shule, na nyumba ilikuwa bado imeezekwa nyasi.

Aliporudi safari ya pili alimkuta mama yake amelifikiria jambo hilo. Alikubali dari, ila kwa sharti moja, na alimtaka Burito alirudie kwa mdomo wake mwenyewe ili ajue kwamba amelisikia.

"Alisema, weka. Lakini weka kitu kinachotoka. Siku nikifa, kabla watu hawajatawanyika, panda ubandue vyote uende navyo Nyakato, ukalale na mkeo pazuri. Hiyo si nyumba, hakuna mtu amemgawia Silasi dari."

Mwenye nyumba anaita kutoka sebuleni, anataka kujua mafundi wanarudi saa ngapi. Burito anasuuza sahani yake, anafunga tena vifungo vya shati hadi juu, anavuta soksi.

Singibodi kwa kawaida hupigiliwa kwa misumari midogo yenye vichwa bapa, na ukizitoa nyingi huvunjika. Kwenye mfuko wake wa vifaa, chini ya nyundo na tochi, kuna pakiti mpya ambayo haijafunguliwa. Ni skrubu. Anasema amenunua za shaba, zisije zikashika kutu zikagoma kutoka.